Pembea Yangu na Mke Asiyetaka Kupanda

Marahaba, marahaba. Mlionisalimu nimeitika, na ambaye hakunisalimu nitasema ana haraka ya kwenda kuchaji simu. Kaeni. Mimi naitwa Mbwana, lakini ukifika Makorora hapa Tanga ukauliza tu kwa Mbwana utazungushwa mtaa mzima, maana tupo wengi na wengine hawafai kutembelewa. Uliza Mbwana Pembea, utaletwa mpaka mlangoni na kiti utapewa.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha pembea za sikukuu. Sizungumzii haya majumba yenu ya hewa yanayovimba kwa jenereta. Nazungumzia pembea ya masanduku, ya mbao na chuma, iliyokwenda kwa mikono ya watu na ugali waliokula. Kwa ambao hamkuiona, ilikuwa hivi: milingoti miwili imesimama, katikati yake kuna ekseli, chuma kinachozunguka, kwenye ekseli kumepita mihimili ya msalaba, na kila ncha ya mhimili inaning'inia sanduku la kukaa watu wawili. Wazungushaji wawili tunasimama chini, mmoja huku na mmoja kule. Sanduku likishuka unalipokea, unalisukuma, linapanda. Mtu akifika juu kabisa anaona mabati ya mji na bahari kwa nyuma, anapiga kelele akimwita mama yake, anashuka, na hapohapo anataka tena. Watu wanasema Tanga waja leo warudi leo. Kwangu walipanda sasa wakashuka sasa.

Nimezungusha pembea tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Mwaka huu nikasema basi, Idi hii ndiyo ya mwisho, ikipita naivunja. Mbao nzima, chuma kizima, kilichokwisha ni wapandaji na magoti yangu. Wala sikulia kwa hilo. Kilichonikaa kohoni ni kingine. Mke wangu, Bi Mwanaidi, tangu nimuoe hajapanda pembea yangu hata mara moja. Jina lenyewe Mwanaidi, kazaliwa siku ya Idi, kaolewa na mtu wa pembea za Idi, na hapandi! Nilitaka apande kabla sijashika spana kufungua nati ya kwanza. Sikutaka kingine, na nilikuwa sijui nitampandishaje.

Lakini tusiende mbio, pembea haianzi kwa kasi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rafaeli wa Pongwe. Mnyamwezi, wazee wake walikuja kukata mkonge wakasahau njia ya kurudi kwao. Yeye alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, na pembea aliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu. Ile ekseli ilikuwa ya toroli la kubebea mkonge. Mimi upande wa baba ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka enzi za mababu waliokuwa wakipita na mizigo vichwani. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokwenda kuomba kazi hakuniuliza ninajua nini. Aliniangalia miguu akasema, "Mzigua, hivyo vijiti vyako vitasukuma pembea au vitatafutiwa magongo ya kuegemea?" Nikamwambia, "Nyie mlibebeshwa mizigo mpaka shingo zikazama. Mimi nakuja kukupumzisha, mzee wa watu." Akacheka, akanipa kopo la grisi. Kazi nimepata.

Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu, pembea haina dini. Krismasi na Pasaka tulikuwa Pongwe kwa watu wa mashamba. Idi zote mbili tulikuwa mjini. Maulidi tulikwenda upande wa Pangani, tukavusha mbao zetu kwa pantoni hadi Mwera, mara nyingine tukafika Ushongo, tukasimika mlingoti palepale karibu na nyavu za watu, na wavuvi wazima na ndevu zao wakapanga foleni na watoto wao.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, masikio. Mzee Rafaeli alisema, "Pembea ikilia kwii, inataka mafuta. Ikilia kwaa, inataka fundi. Ikinyamaza ghafla, simamisha, wateremshe watu, halafu ndio uanze kusali." Mafuta yake hayakuwa ya dukani. Tulichukua oili chafu ya gereji tukaichanganya na grisi, tukapaka asubuhi kabla jua halijapanda, kwa sababu mchana chuma kikishapata moto oili inakuja kumdondokea mtu kwenye kanzu yake mpya ya Idi. Jaribu wewe kumwambia mtu wa Ngamiani kwamba doa hilo ni baraka ya sikukuu.

Pili, tumbo. Mtoto kabla hajapanda unamuuliza, "Umekula nini?" Akisema pilau, unamwambia zunguka kiwanja kwanza, kaangalie wauza ubuyu, urudi. Akisema pilau na juisi ya ukwaju, unamwambia njoo Idi pili. Mnacheka? Nyie mnacheka kwa kuwa jumba la hewa mtoto akitapika anatapikia wenzake. Pembea ya masanduku alikuwa anatapikia mzungushaji, na alikuwa juu.

Tatu, kusimamisha. Asiyejua kazi analikamata sanduku kwa nguvu, linamvuta linamwangusha. Unaanza kulilegeza mizunguko kadhaa kabla, kila likipita unalipapasa tu, unalibembeleza. Mzee Rafaeli aliniambia lishike kama unavyomshika mtoto aliyelala begani, anayetakiwa aende kitandani bila kuamka. Hilo nalo lilinichukua muda. Nimebebwa na sanduku mbele ya kadamnasi, nikaachiwa kwenye sinia la mama muuza kachori. Alinidai kachori zote, na haki yake.

Na kubwa kuliko yote, mizani. Pembea ya masanduku haina injini. Ukipakia wazito upande mmoja na wepesi upande wa pili, haizunguki. Itapanda nusu, itarudi, itakupiga kidevu. Kwa hiyo hupakii kwa foleni, unapakia kwa uzito: sanduku hili kisha lile linalotazamana nalo. Sasa niambieni, wajukuu, mtu kavaa nguo mpya, kajifukiza udi, kaja na wifi zake, utamwambiaje mbele za watu kuwa yeye ni mzito, akae upande ule peke yake? Utapigwa. Mzee Rafaeli akabuni maneno ya kazi. Mzito akaitwa dafu, maana dafu limejaa maji. Mwepesi akaitwa kifuu, maana kifuu nazi yake imeshakunwa. Basi yeye mlangoni, pale foleni inapoingilia, anaita, "Dafu linakuja! Nipe vifuu viwili ng'ambo!" Mimi nawapanga. Watu walidhani tuna biashara nyingine pembeni. Kuna waliotoka kwenye foleni wakaniuliza hayo madafu yako wapi, wana kiu.

Hilo neno ndilo lililoniletea mke.

Tulikuwa Mwera, Maulidi. Siku hiyo Mzee Rafaeli alikuwa anakaza bolti, mlangoni nikasimama mimi. Akaja binti na mama yake. Binti kajaa, mashallah, kanga mpya, anatembea taratibu. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye mizani, maana ng'ambo nilikuwa na vitoto viwili vyembamba. Nikapaza sauti, "Dafu! Dafu la haja! Nitafutieni vifuu haraka!"

Mama akageuka. Jina lake Bi Saumu, na alivyonitazama mate yalinikauka.

"Wee kijana! Umemwitaje mwanangu?"

Mwenye ubuyu kaacha kuita. Nikimwambia maana yake, nimemtukana binti wa watu kwao, na pantoni liko mbali. Mzee Rafaeli akaja mbio anajifuta grisi mikononi.

"Mama, msamehe kijana wangu, amezidiwa. Kwao akisema dafu ndiyo sifa ya mwisho. Tamu, safi, halijaguswa na mkono wa mtu."

Bi Saumu akanipima juu mpaka chini, chini mpaka juu. "Kama ana maneno ya namna hiyo, aje nyumbani na wazee wake. Maneno hayo hayasemwi kiwanjani."

Binti keshaingia kwenye sanduku, kajifunika kanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Anacheka. Nikamtazama, na niwaambie kweli, pale ndipo nilipokwisha. Lile sanduku nililisukuma mwenyewe, sikumwachia mtu. Mzee Rafaeli akawa ananiambia kwa sauti ya chini, "Mzigua, wateremshe wenzio, wamelipa kuzunguka, hawakulipa kuhamia." Sikumsikia.

Nikaenda kwao na wazee. Posa ikakubaliwa. Akaja mjini akiwa mke wangu, na mpaka hapo sote tulikuwa na raha.

Mkosaji ni utani. Krismasi iliyofuata tukaalikwa kwa Mzee Rafaeli Pongwe, wali na kuku, mkewe katuandalia vyetu mbali kwa heshima ya dini yetu. Watu wameshiba, maneno yameanza. Mzee akamgeukia mke wangu. "Shemeji, huyu Mzigua wako hakukuposa kwa uzuri. Alikuposa kwa kilo." Akaeleza yote, dafu na kifuu, mbele ya ukoo mzima na majirani. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Mtani huwezi kumkasirikia, ukimkasirikia umeshindwa. Nikamtazama Mwanaidi. Naye alikuwa anacheka, na hilo ndilo lililonitisha.

Idi iliyofuata nikamwita mbele ya watu, kwa fahari, "Mwanaidi, panda!" Akanijibu, "Mimi dafu, nitakuvunjia pembea." Akajizoazoa akaenda zake kununua visheti.

Ndio ikawa hivyo. Idi hii anasema kanga imelowa. Idi ile ana sufuria motoni. Mwaka mwingine anangoja wageni, na wageni wenyewe nikiwauliza hawajui kama wanatarajiwa. Nikaomba radhi kwa mdomo, nikaomba radhi kwa doti za kanga. Nikafika mahali nikabadilisha maneno ya kazi: nikakataza dafu, nikasema kuanzia leo mzito ataitwa hariri. Mzee Rafaeli alicheka wiki nzima. "Nimeona Wazigua wengi wakitawaliwa na wake zao," alisema, "lakini wa kubadilishiwa mpaka lugha ya kazi ndiye wewe wa kwanza." Na Mwanaidi? Hariri imepita, dafu limepita, hakupanda.

Watu wakanifanya wimbo. "Mganga hajigangi, na mwenye pembea mkewe haipandi." Nilikuwa nacheka nao. Nikirudi nyumbani ilikuwa inaniuma.

Hebu niwachangamshe kidogo, maana naona huyu pembeni anataka kulia. Mnajua habari za mwezi? Kuna mwaka mwezi ulitugawa. Wengine walipata habari umeonekana nje huko, wakala Idi. Wengine wakasema hatukuuona sisi, tunafunga tena. Sisi wa pembea tufanyeje? Tukafungua. Sasa nusu ya kiwanja wameshiba pilau, nusu wana swaumu vinywani na wanawatazama wenzao kwa jicho baya. Akaja bwana mmoja, jirani yangu, kafunga, kashika mtoto wa dada yake mkono. "Mimi sisherehekei," akasema, "namsindikiza huyu tu." Nikamwambia haya, msindikize. Akapanda. Wakashuka. "Mtoto anataka tena," akasema. Mtoto keshakwenda kwenye ubuyu! Bwana kakaa kwenye sanduku peke yake, anasindikiza hewa. Ng'ambo yake nilipakia waliokula, na nawahakikishieni mizani ya siku ile ilikuwa taabu tupu.

Mzee Rafaeli alitutoka mwaka wa mvua nyingi. Nilikwenda Pongwe kuzika. Nyie vijana siku hizi msibani mnakaa mnatazama simu, hamjui kazi ya mtani. Jeneza lilipotaka kutoka mimi nikalala mlangoni. Nikasema, "Haondoki huyu. Aamke kwanza aseme pembea anamwachia nani, maana watoto wake hawa hata baiskeli inawaangusha." Waombolezaji wakacheka na machozi yao. Wanawe wakanitupia vijisenti niondoke njiani, kama ilivyo desturi ya watani, na mkubwa wao akasema, "Baba alishasema, ni yako." Hapo utani ukanishinda. Nikalia palepale chini kwenye vumbi, na Mwanaidi ndiye aliyekuja kuniinua.

Pembea ikawa yangu, na dunia ikaanza kugeuka. Kwanza zikaja pembea za umeme, za taa. Zikaja zikaondoka, umeme ukikatika watu wananing'inia juu wanaomba dua. Halafu yakaja majumba ya hewa. Kijana aliyeleta la kwanza kiwanjani kwetu anaitwa Hamza, mtoto mzuri, mnene, mcheshi, kila akifika lazima, "Shikamoo babu." Namwitikia. Halafu anaongeza, "Babu, pembea yako ina chaji?" Namwambia, "Ina chaji ya dona. Yako je?" Siku moja petroli ilimwishia, jumba likasinyaa polepole na watoto wakiwa ndani. Ikabaki ni nailoni inayotembeatembea na kulia. Tulikimbilia wote, mimi na yeye, tunatoa watoto mmojammoja kama vitumbua kwenye karai. Hakuna aliyeumia. Na unajua watoto walisema nini? "Tena!" Nikaelewa kuwa huyu Hamza hakuniibia wateja kwa ubaya. Watoto wanataka kuruka, yeye anawarusha. Kwangu wakawa wanakuja kupiga picha. Wanasimama mbele ya sanduku, wanainua vidole, wanaondoka. Pembea nzima imekuwa ukuta.

Ndio nikaamua kuivunja. Na Mwanaidi naye hakuwa yule wa Mwera. Sukari imemla, kanga anaizungusha mara mbili kiunoni, mkono wake nikiushika nahisi mifupa. Nikajidanganya kuwa sasa hana sababu, dafu hakuna tena, atapanda. Hakupanda Idi ndogo. Ikabaki Idi hii moja, ya kuchinja. Kila nikiamka nikawa nawaza, nitaivunja hii pembea na huyu mwanamke hajawahi kukaa ndani yake tangu awe mke wangu, na nitakufa nayo.

Idi mosi hakuja. Nilishinda natazama njia. Idi pili, baada ya alasiri, nikamuona anakuja pole pole kwa mguu wake ulioharibiwa na sukari, kabeba chupa ya chai na visheti kwenye hotipoti. Kiwanja kimejaa kwa Hamza. Kwangu walikuwepo vijana wawili wa mtaani niliowaazima kunisaidia kuzungusha, na mbuzi mmoja amelala kivulini. Akanimiminia chai. Nikanywa. Nikakusanya nguvu zote.

"Mwanaidi, panda. Kesho naivunja."

"Nimesikia."

"Basi panda. Nitakuzungusha mwenyewe, taratibu."

"Sitaki."

Sikuweza tena, wajukuu. Nikaweka kikombe chini nikamwambia mbele ya wale vijana, "Mama watoto, hilo neno nimeliomba radhi mpaka nimezeeka. Sikukutukana, nilikuwa napanga mizani. Utanisamehe lini?"

Akanitazama kama mtu anayetazama chungu kilichoungua.

"Neno gani?"

"Dafu."

"Alaa! Hilo?" Akaanza kucheka, cheko lilelile, mabega yanatikisika. "Wewe mtu, mimi mtoto wa Mwera. Nazi tunalima wenyewe, madafu nimebeba kichwani tangu mdogo. Wadhani sikujua dafu zito na kifuu chepesi? Nilijua palepale. Mama ndiye aliyedanganyika. Mimi nilicheka kwa vile ulivyokauka mbele yake."

Nikamuuliza, "Sasa... kwa nini hupandi?"

Akaifunga hotipoti, akaifungua, akaifunga tena.

"Wewe wawapandisha wake za watu. Wakishuka wawashika mkono, 'taratibu mama, tazama hapo.' Siku ile Mwera ulinisukuma juu, nikawa nikigeuka nakuona kule chini umetoa macho. Nikajisemea, nikiolewa na huyu tutakaa wote humu. Nimeolewa. Kila Idi wasema, 'Mwanaidi, panda.' Miaka yote hiyo, Mbwana, hujapata kusema hata siku moja, 'Tupande.'"

Nawaambia ukweli, mimi ndiye niliyepanga mizani ya Tanga nzima, nani akae na nani, nani atazamane na nani, na sikuwahi hata kufikiri kwamba na mimi nina pahala pa kukaa. Nilimwona mke wangu ananisubiri mlangoni, na mimi nikadhani amenuna.

Nikasema, "Mwanaidi. Tupande."

"Sasa umesema," akajibu, akanipa mkono nimsaidie.

Lakini nani atazungusha? Wale vijana wawili wa kuazima walikuwa wanaogopa kubeba dhamana ya wazee. Nikamwita Hamza. Akaacha jenereta lake na mwangalizi, akaja na wenzake, wamekunja mikono ya kanzu. Ng'ambo yetu nikamwambia mmoja wao akae na mwenzake, pawe na mizani. Nikaanza kuwaelekeza: lipokeeni hapa, msilikamate, mlipapase, mguu huu mbele...

"Nyamaza," Mwanaidi akaniambia. "Leo wewe abiria."

Sanduku likaondoka. Nimelijua hilo sanduku kila ubao, kila msumari, na nilikuwa sijui kuwa ndani yake tumbo linabaki chini na mtu anapanda peke yake. Nikashika ukingo kwa mikono yote miwili. Tukapita usawa wa mabati, tukapita minazi ya nyuma ya kiwanja, ikafunguka bahari yote mpaka kisiwani. Watoto wa kwa Hamza wakawa wameacha kuruka, wanatutazama. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Fumbua macho," Mwanaidi akasema.

"Nimefumbua."

"Hujafumbua."

Kweli, machozi yalipoanza nilikuwa nimeyafumba bila kujijua. Nikafumbua. Akanibandua mkono mmoja kwenye ule ubao, akaushika, mbele ya kiwanja kizima, jambo ambalo hatujawahi kulifanya hata tulipokuwa vijana. Tukashuka, tukapanda, tukashuka. Mara ya pili nilivuta pumzi. Mara ya tatu nilicheka.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu, jua limelala. Hamza akaita kutoka chini, anahema, kanzu imemganda mgongoni, "Babu! Tuwashushe?"

Nikafungua kinywa niseme haya, tushusheni, mmechoka wanangu. Mwanaidi akaniwahi, kainamia ukingo wa sanduku, anapiga kelele kama binti wa Mwera:

"Bado! Zungusheni! Huyu mtu nimemngoja sana!"